Mabunda ya Mahindi Hayakimbii

Kocha hakusema neno zito kabla ya kupiga firimbi. Firimbi yenyewe ilikuwa ya chuma, ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na aliivaa kiwanjani, sokoni, kanisani, na kwenye mashine yake ya kusaga unga pale Kiminini. Mama akileta mahindi ambayo hayajakauka, Kocha alipiga firimbi, foleni yote ikanyamaza, ndipo akamwambia mbele ya watu kwamba mahindi yake bado yana maji na ayarudishe akayaanike. Angeweza kumwambia pembeni. Lakini kwake yeye jambo lililosemwa bila mashahidi lilikuwa bado halijasemwa.

Mimi nilipigiwa firimbi hiyo mjini Bungoma nikiwa msichana. Ndiyo sababu naandika.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yake, na watakaoyasoma watampamba. Mimi nitasema niliyoyaona, mazuri na mabaya, maana nikiyaficha mazuri yake mtadhani nina chuki ya bure. Chuki yangu si ya bure.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mweupe kwa unga. Unga ulikaa kwenye nyusi, ndani ya masikio na kwenye mikunjo ya koti. Wasichana tulikuwa tukicheka kwamba siku akinyeshewa atakuwa uji. Alipoanza kuzeeka hakuna aliyejua mvi zilianza lini. Alituita sote mayi, yaani mama, kama wazazi wa huku wanavyowaita binti zao, na alilitaja neno hilo kwa upole hata alipokuwa anakutukana. "Mayi, wewe mguu wako ni wa kukanyagia matope tu," alimwambia msichana mmoja aliyekosa penalti, na yule msichana akacheka, kwa sababu alijua kesho atapangwa tena. Wa mbele hawakukosea kwa Kocha. Mshambuliaji akipiga mpira ukaenda kwenye shamba la watu, ulikuwa ni upepo.

Aliipenda mbele kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. "Mbere!" alikuwa akipaza sauti kutoka pembeni ya uwanja. Alitamka hivyo, kama wengi wetu, na mpaka leo nikisikia mtu akisema mbere nyuma yangu nageuka. Na alikuwa na msemo wake, ambao aliusema akiwa ameinua kidole kama mhubiri: "Nyuma hakuna bao." Ukimwuliza tukifungwa je, alisema tutafunga mengi zaidi. Basi.

Lakini mtu huyo huyo alifunga mashine yake kwa kufuli tatu. Alifunga ya kwanza, akaivuta. Ya pili, akaivuta. Ya tatu, akaivuta, akatembea hatua chache, halafu akarudi kuzivuta zote tena. Hakuvuka barabara ya Kitale mpaka iwe tupu pande zote mbili, na gari likionekana mbali kule kwenye kona alingoja lipite. Hakula nyama ambayo hakuiona ikichinjwa. Mimi nilikuwa nikimtazama akizivuta zile kufuli na kujiuliza, mtu anayeogopa wezi namna hii, mbona goli letu analiacha wazi?

Nianze na wema wake, niumalize.

Alianzisha timu ya wasichana wakati ambapo wanaume wa Kiminini walikuwa wakija kiwanjani kutucheka mapaja. Alipiga firimbi, wakanyamaza, akawaambia kwamba anayetaka kucheka aingie awakabe. Mmoja aliingia. Alipitwa mara tatu na msichana mmoja mfupi wa darasa la nane, akatoka, na kicheko kikaisha. Viatu tulivaa kwa zamu. Akisikia msichana amekatazwa na baba yake kucheza, alikwenda nyumbani kwao jioni, akakaa, akanywa chai, hakutaja mpira hata kidogo, akaenda tena kesho yake, mpaka yule baba akachoka kumtengenezea chai akamwachilia binti.

Na mama yetu alipofariki, alikuja. Baba alikuwa ametangulia zamani. Nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu Wafula alikuwa shule ya msingi, na Nasimiyu, kitinda mimba, alikuwa bado analala na kanga ya mama usoni. Mahindi yalikuwa yamekomaa shambani na hapakuwa na wa kuyakata. Kocha alileta timu nzima na mapanga. Huku kwetu hatuvuni gunzi moja moja. Tunakata mabua yote, tunayasimamisha pamoja kwa mabunda makubwa, tunayafunga kamba juu, yanabaki shambani yakikauka kabla ya kuambuliwa. Wasichana wale walikata shamba letu lote kwa siku moja, wakiimba. Kocha mwenyewe alionyesha kila bunda lisimame wapi. Alipima kwa hatua, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Hapana, sogeza hilo kidogo, mayi." Nilidhani ni unadhifu. Nililia kwa shukrani, nikampikia kuku.

Juma lililofuata alirudi na mpira.

Ndipo nikaelewa. Yale mabunda yalikuwa yamepangwa kama timu. Manne kwa mstari mmoja yalikuwa walinzi, matatu mbele yao yalikuwa viungo, na moja kubwa kule mwisho, lenye kamba nyekundu, lilikuwa golikipa. Kocha alikuwa ametuvunia na wakati huo huo amejijengea wapinzani. Sikukasirika wakati ule. Shamba la mama lilikuwa limegeuka kiwanja, nyumba ilikuwa na sauti tena, na Nasimiyu alikuwa akikimbia kuokota mipira. Sheria ilikuwa moja: ukiangusha bunda unalisimamisha na kulifunga upya wewe mwenyewe. Kwa hiyo tulijifunza kupiga pasi nyembamba sana, zinazopita katikati ya mabua bila kutikisa jani. Watu waliotuona tukicheza baadaye walishangaa tumejifunzia wapi. Tulijifunzia pale, kwenye mahindi ya mwisho aliyoyapanda mama yangu.

Mfumo wake ulikuwa huu. Nyuma watatu, katikati wanne, mbele watatu. Hivyo ndivyo tulivyosimama refa akianzisha mchezo, na baada ya hapo hatukuonekana hivyo tena. Mpira ukiwa wetu, wale wawili wa pembeni katikati walipanda wakawa sawa na washambuliaji, kwa hiyo mbele wakawa watano, wametanda kutoka mstari hadi mstari. Viungo wawili waliobaki walisogea nyuma yao kuokota mipira inayodondoka. Kisha walinzi wawili, wa kulia na wa kushoto, nao walipanda hadi katikati ya uwanja na kupita. Mpinzani wa kawaida ana walinzi wanne. Wanne hawawezi kuwakaba watano. Lazima mmoja abaki peke yake, na kazi ya wengine ni kumtafuta huyo na kumpa mpira. Akikabwa huyu, mwingine amekuwa huru. Ukitazama kutoka pembeni ni kama nyumba ya adui imefunguliwa milango mitano kwa wakati mmoja.

Ni mfumo mzuri. Nasema hivyo na chuki yangu yote nikiwa nayo.

Nyuma alibaki mmoja. Huyo nilikuwa mimi. Nilitaka kuwa winga. Nilikuwa na mbio, kila mtu alijua. Nilipomwomba, Kocha alicheka kwa upole, akanishika bega, akasema mbele ya wenzangu: "Wewe, mayi, si umezoea kubaki na watoto? Basi baki. Hiyo ndiyo kazi yako." Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeacha shule mwezi huo huo.

Nilisimama kwenye shamba lile jioni nyingi, peke yangu, mgongo kwa goli letu, nikiwatazama wenzangu wakiwapita walinzi wa mahindi. Na siku moja nikaona jambo. Nilimwambia Kocha. Nilimwambia, mpira ukipotea huko mbele, hizi kona mbili nyuma yangu hazina mtu. Akija mtu kushoto na mwingine kulia, mimi niende kwa nani? Aliangalia shamba. Aliangalia kona ya kushoto, akaangalia ya kulia. "Mbona hawajawahi kuja?" akaniuliza.

Hawajawahi kuja kwa sababu ni mabunda ya mahindi. Mabunda hayakimbii. Kocha alikuwa amefundisha timu yake kushambulia watu ambao mpira ukiwagonga unalala miguuni mwao mpaka uuchukue tena. Kila jioni tulishinda mabao mengi bila kufungwa, na aliyaamini yale mahindi kuliko alivyoniamini mimi.

Sasa nije Bungoma.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya wasichana, kwenye uwanja wa shule ya msingi mjini, dhidi ya timu ya upande wa Chwele. Mwalimu mkuu wa shule moja ya upili ya wasichana alikuwa amekuja kuchagua wachezaji awapeleke kusoma shuleni kwake, kula na kulala huko, bila karo. Sote tulijua. Wakati wa mapumziko alinijia mimi, mama mnene mwenye miwani, akaniuliza nimefika kidato gani. Nikamwambia cha pili. Akaniuliza kama ningependa kurudi. Nikamwambia hata leo. Shangazi yetu wa Ndalu alikuwa amekubali kuwachukua wadogo zangu nikipata nafasi. Nilikuwa nimekwisha kufua sare yangu ya zamani.

Tulikuwa tunaongoza mawili kwa bila. Kipindi cha pili wale wasichana wa Chwele waliacha kutuogopa. Waliokoa mpira, wakaupiga mrefu kwenye kona ya kushoto nyuma yangu. Nilikimbilia kule. Nilipofika, aliyekuwa nao akauvusha kwenda kulia, ambako mwenzake alikuwa peke yake. Bao. Wakarudia upande wa pili: nikakimbilia kulia, ukavushwa kushoto, bao. Nikageuka kumtazama Kocha nikiwa nimeinua mikono, nikimwomba arudishe hata mlinzi mmoja. Akapaza sauti, "Mbere!"

Mara ya tatu mpira uliporuka juu ya kichwa changu, sikukimbia. Nilikuwa nimeelewa. Nikienda kushoto naacha kati; nikienda kulia naacha kati. Nikasimama mbele ya goli, katikati, nikawalazimisha waje kwangu au wapige kutoka mbali. Ndiyo akili pekee iliyobaki. Yule winga wao hakupiga krosi. Alikuja na mpira wake taratibu, akamngoja golikipa wetu atoke, akautelezesha pembeni. Tatu kwa mbili. Refa akamaliza.

Kocha aliingia katikati ya uwanja na kupiga firimbi. Watu wakaja kutoka pande zote, hata waliokuwa wakinunua miwa wakaja. Tulidhani anataka kutuombea.

"Tumefungwa na mtu wetu," akasema. Alininyooshea kidole chenye unga. "Huyu amesimama tu, anatazama. Watu wanapita yeye anatazama. Mimi najua mtu aliyechoka na najua mtu aliyepewa kitu. Huyu amepewa kitu. Ameuza mechi."

Hakuna aliyekuwa akinitazama usoni. Walikuwa wakitazama nguo zangu na viatu vyangu vya kuazima. Watu huona ni rahisi sana kuamini kwamba yatima ameuza kitu. Nikamtafuta yule mwalimu mkuu. Alikuwa anafungua mlango wa gari lake. Aliwachukua wenzangu wanne, wote wa mbele, na sare yangu ilikuwa nyumbani kwenye kamba.

Kiminini hawakunisahaulisha. Nilipopeleka sukuma wiki sokoni, kijana mmoja wa duka la mbegu alikuwa akiniuliza kila nikipita, "Sista, leo unauza nini?" Wafula alipigana shuleni mpaka akavunjwa jino. Nilikwenda kwa Kocha kwenye mashine, mara moja tu. Nilimweleza pole pole kwa nini nilisimama. Alinisikiliza akiwa anakung'uta gunia. Akasema, "Mayi, mchezo umeisha. Leta hayo mahindi." Akanisagia, akakataa malipo. Mara ya pili akafanya hivyo tena, na unga akaujaza mpaka juu, kama mtu anayemlisha mbwa aliyemgonga. Mara ya tatu nilibeba mahindi yangu kichwani nikaenda mashine nyingine, mbali, na nikaendelea kwenda huko mvua na jua mpaka tulipohama.

Na hili nimpe haki yake: sidhani alijua anasema uongo. Ilikuwa lazima kosa liwe la mtu, na mfumo wake haukuwa mtu. Wengine husema hilo linapunguza uzito. Kwangu halikupunguza.

Tulihamia Bungoma, karibu na Kibabii. Nilifungua kibanda cha chakula, chapati na maharage kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wadogo zangu walisoma wakamaliza, wote wawili, na hilo silo ninalolieleza leo. Ninalolieleza ni sinia. Kila asubuhi nachambua maharage, na kila asubuhi kwa miaka nilipanga timu ya Kocha kwenye sinia kwa maharage mekundu: watatu, wanne, watatu. Kisha nikawapandisha watano mbele, nikawasogeza walinzi, nikaliacha harage moja nyuma. Halafu nikachukua maharage ya manjano kumi na moja nikaanza kutafuta namna ya kumuua. Nasimiyu, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mimi, alikuwa akisimama nyuma yangu akila kiporo.

"Dada, hiyo timu inaingia sufuria saa ngapi?"

"Bado wanacheza."

"Nani anashinda?"

"Manjano."

"Manjano kila siku. Si hata wewe uwaonee huruma bana."

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye timu yangu. Nilikusanya wasichana wa mtaani, wengine wauza mboga, wawili watatu wa chuoni, tukawa tunacheza Jumamosi alasiri. Niliwafundisha kitu kimoja ambacho Kocha hakukifundisha: kusubiri. Niliwafundisha kwamba ukisimama upande wako wa uwanja, kabla ya mstari wa kati, refa hawezi kukuita umeotea. Kwa hiyo wawili wangu wenye mbio, Nasimiyu kushoto na mwenzake kulia, hawakurudi kusaidia ulinzi hata tukishambuliwa vipi. Walikaa pale kwenye mstari, pembeni kabisa, wamekaa kama watu wanaongoja mwaliko. Wengine wanane na golikipa nyuma walikubali kuteseka. "Tutateseka mpaka lini?" waliniuliza. Niliwaambia mpaka mpira utoke.

Wafula ana pikipiki ya abiria na huwa anafika Kiminini. Nilimtuma akaangalie kama Kocha amebadilika. Alirudi akiwa anacheka. Alisema Kocha ameota kibiongo, macho yanamsumbua, lakini wasichana wapya wako kwenye shamba la mtu mwingine, katikati ya mabunda. "Ni yale yale," akasema. "Hata lile la mwisho limefungwa kamba nyekundu."

Mwaka jana, mashindano ya Desemba, tulialikwa Kiminini. Sikulipa kisasi kwa bahati. Niliomba mwaliko huo misimu mitatu.

Uwanja ni ule ule. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, firimbi shingoni, mweupe kichwa kizima. Hakunijua. Nilimwamkia shikamoo kama ninavyopaswa kumwamkia mtu mzima, akaitikia marahaba akiangalia uwanja.

Mwanzoni walitukata vipande. Ile milango mitano ilifunguka, pasi zao zilipita kati yetu kama vile sisi tuna mizizi, wakafunga moja mapema. Kiminini yote ikapiga kelele. Mimi nilikuwa nikimtazama msichana mmoja tu, mwenye jezi namba tano, aliyebaki nyuma yao peke yake, mgongo kwa goli lake. Alikuwa anatazama kona ya kushoto, kisha ya kulia. Alikuwa amekwisha kuona. Najua alimwambia.

Kisha mpira ukatoka. Ukapigwa mrefu kwenda kushoto, Nasimiyu akaufuata, namba tano akamkimbilia, krosi, bao. Baadaye tukaanzia kulia: namba tano akakimbilia kulia, mpira ukavushwa kushoto, Nasimiyu akafunga kwa kichwa. Kocha aliinuka kwenye kiti. "Mbere!" akaita, "mbere, wasichana!"

Mara ya tatu Nasimiyu alipopokea mpira, namba tano alianza kukimbia, halafu akasimama. Alisimama katikati, mbele ya goli lake, mikono ikining'inia. Sitadanganya: nilifurahi. Ilikuwa ni kama kwenye sinia, harage kwa harage. Nasimiyu alikuja na mpira wake taratibu, yule mtoto niliyeambiwa nimezoea kubaki naye, akamngoja golikipa atoke, akautelezesha pembeni.

Mchezo ulipoisha, Kocha aliingia katikati na kupiga firimbi. Watu wakamzunguka. Namba tano hakungoja kuitwa. Alijitenga mwenyewe akasimama pembeni ya wenzake, akiangalia chini. Ndipo nilipoelewa kwamba baada yangu walikuwepo wengine.

"Tumefungwa na mtu wetu," Kocha akaanza. "Huyu amesimama tu..."

"Unamsingizia," nikasema. Nilikuwa nimeingia ndani ya duara, Nasimiyu nyuma yangu.

Alijaribu kunitambua. "Wewe ni nani?"

Mtu mmoja kwenye umati akamjibu kabla yangu. "Si ni ile iliuza Bungoma!"

Wakacheka. Miaka yote ile, na bado maneno hayo walikuwa nayo tayari mdomoni.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Yule uliyemwacha nyuma."

Kocha akaishusha firimbi. "Umekuja kunicheka, mayi."

"Ndiyo. Nimengoja sana kukucheka. Lakini kwanza nisikilize. Yale mabao matatu nimeyapanga mimi. Nilijua huyu atakimbilia wapi mara ya kwanza na ya pili. Na ya tatu nilijua atasimama. Mwenye akili akiachwa pale peke yake, lazima asimame."

"Nani alikuambia kuna nafasi hapo?"

"Nilikuwa nimesimama ndani yake, Kocha. Wewe ndiye uliniweka."

Aligeuka kulitazama goli lake, kona ya kushoto, kona ya kulia, kama alivyoangalia shamba la mama yangu siku ile, na safari hii nadhani aliona watu wakija. Akasogea karibu nami, akainama, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Haukuuza."

"Na huyu?"

"Na yeye."

Ningeweza kuishia hapo. Nasimiyu alinivuta mkono, alidhani yametosha. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, wakidhani ni wazee wanasalimiana.

"Hawa hawajasikia," nikamwambia. "Ile siku walisikia. Piga firimbi."

"Mayi, mimi ni mtu mzima sasa."

"Naona. Piga firimbi, Kocha."

Aliishika ile firimbi, akaipeleka mdomoni. Mara ya kwanza ilitoa unga tu. Akaifuta kwenye koti, akapuliza tena, na ikalia kama zamani. Waliokuwa wamefika barabarani wakarudi. Wafula akazima pikipiki. Kijana wa duka la mbegu, ambaye sasa ni mzee wa tumbo, akaja akasimama mbele. Namba tano akainua kichwa.

Kocha akaanza kusema, kwa sauti, jina langu kwanza.

Na mimi nilisimama tu, nikitazama.